Wahunzi Wasio na Majina: Hadithi ya Chuma, Moto na Kisu Kisichovunjika

Ingia mtandaoni leo, andika neno "kisu", utakutana na dunia nzima ya watu wanaobishana. Mmoja anapiga panga lake kwenye tofali la zege. Mwingine anakata kamba ya katani mpaka mkono unachoka. Wa tatu anapigilia kisu kwenye gogo kwa nyundo, anasubiri kipasuke. Na kila mmoja anataja namba kama anavyotaja jezi za wachezaji: D2, A2, 1095, 5160, 3V. Kisu chenye namba inayosifiwa kinauzwa bei ya simu nzuri. Huku mtaani, buchani, jamaa anapasua mifupa ya ng'ombe toka alfajiri kwa kitu kilichotokana na springi ya lori. Hakina chapa, hakina namba, na kesho asubuhi kinarudi kazini kama kawaida.

Kati ya hao, nani ana kisu bora? Mtandao utakwambia ni mwenye namba. Wahunzi, wale wafua vyuma ambao karibu hakuna aliyewahi kuandika majina yao, wangeuliza swali tofauti kabisa: kilizimwa vipi?

Kisu cha kazi nzito kinadaiwa vitu viwili visivyopendana. Kwanza kiwe kigumu, ili makali yasilale. Pili kiwe kistahimilivu, ili kisimeguke kikigonga mfupa, fundo la mti au jiwe lililojificha kwenye majani. Ukizidisha la kwanza unapata kitu kama chupa. Ukizidisha la pili unapata kitu cha kupindia waya. Ushahidi uko kwenye kila nyumba yenye shamba. Panga hunolewa kwa tupa, na tupa inalila panga kwa sababu yenyewe ni ngumu zaidi. Kwa kipimo cha Rockwell, ambacho hati yake ya uvumbuzi ilitolewa Marekani mwaka 1919, tupa nzuri hufika 62 na kuendelea, wakati mapanga mengi ya dukani yako kati ya 45 na 55. Visu vya jikoni vya Ulaya huwa 56 hadi 58, vya Kijapani mara nyingi hupita 60. Sasa iangushe hiyo tupa ngumu kwenye sakafu ya saruji. Inaweza kukatika vipande viwili. Panga litaruka tu na kupiga kelele.

Chuma cha pua, ambacho Kiswahili kina jina lake jingine zuri sana, feleji, ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo tu. Kisu kinataka kama asilimia 0.5 hadi 1 hivi, na baadhi ya vyuma vya kisasa huzidi hapo. Lakini kaboni peke yake haifanyi kazi mpaka moto uiamshe. Chuma kikipashwa mpaka karibu nyuzi 800 za Selsiasi, kinakuwa chekundu kama cheri iliyoiva, atomu zake zinajipanga upya na kaboni inayeyuka ndani yake. Njiani, kwenye nyuzi 770, kinaacha kushikwa na sumaku, na mafundi wengi hutumia hilo kama saa yao. Kikichovywa ghafla kwenye maji au mafuta, kaboni inanaswa kabla haijapata pa kukimbilia. Hapo chuma kinakuwa kigumu ajabu, hali ambayo wataalamu huiita martensaiti. Pia kinakuwa na roho nyepesi. Kigonge wakati huo, kinavunjika.

Ndiyo maana kinarudishwa motoni mara ya pili, safari hii kwa upole. Fundi husugua sehemu ya ubapa mpaka ing'ae, kisha hutazama rangi zikipita juu yake: manjano ya majani makavu karibu nyuzi 220, kahawia, zambarau kwenye 280 hivi, halafu bluu kuelekea 300. Akisimama kwenye manjano anapata kisu kinachoshika makali. Akienda mpaka zambarau au bluu anapata kitu cha kupigia, shoka au panga, kinachokubali kunolewa mara kwa mara lakini hakivunjiki. Chuma ni kilekile. Yaani visu viwili vyenye namba moja vinaweza kuwa na tabia mbili kama ndugu waliolelewa nyumba tofauti.

Na kuna kosa ambalo halionekani kwa nje. Chuma kikichomwa kupita kiasi, chembe zake za ndani zinakua. Ukikivunja, utaona zinameta kama sukari. Kilichochomwa sawasawa huonyesha kijivu laini kama jivu. Kwa sababu hiyo fundi mzuri hazimi chuma juani. Jua linaficha rangi ya moto, na anayedhani chuma bado hakijaiva ataendelea kuvuta mvukuto mpaka akiharibu. Kile kibanda chenye giza na moshi, ambacho wengi hukiona kama dalili ya umaskini, ndicho kipimajoto chenyewe.

Sasa rudi nyuma kama miaka 1,500 hadi 2,000, magharibi mwa Ziwa Victoria, kwenye ardhi ambayo leo ni mkoa wa Kagera. Mwaka 1978, mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery walichapisha kwenye jarida la Science makala iliyoshangaza wengi: mababu wa eneo lile walikuwa wakiyeyusha chuma kwa mbinu tata, na walipata chuma chenye kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua.

Tanuri lenyewe lilikuwa shimo lililosiribwa kwa udongo wa kichuguu. Ndani yake yalichomwa matete ya kinamasi mpaka shimo likajaa masizi na mkaa mwepesi. Juu ikajengwa kuta kwa udongo na mavi ya chuma ya matanuri ya zamani. Mirija ya udongo ilipenyezwa mpaka ndani kabisa ya moto, si kuishia ukutani kama kwingineko, na mivukuto ya ngozi ikapuliza hewa kupitia humo. Schmidt na Avery walisema hewa ilipata joto ikiwa bado ndani ya mirija, hivyo moto ukawa mkali kuliko kawaida. Watafiti wengine waliipinga sehemu hiyo, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Ambacho hakibishaniwi ni ustadi wa watu wale na masizi ya matete, yaliyokipa chuma kaboni.

Mtandaoni habari hii imegeuzwa kuwa "Wahaya waligundua chuma cha pua kabla ya dunia nzima". Hapana. India ilikuwa ikitengeneza chuma cha pua tangu karne za kabla ya Kristo, na wengine pia. Na sifa hiyo ya uongo inafunika ile ya kweli, ambayo ni tamu zaidi. Bonge lililotoka kwenye shimo lile halikuwa la aina moja. Upande huu kaboni nyingi, upande ule karibu hakuna. Hapakuwa na maabara wala karatasi ya kiwandani. Mhunzi alilivunja bonge, akatazama mng'ao wa vipande, akasikiliza mlio wa nyundo, akaamua: hiki kitakuwa jembe, hiki kitakuwa mkuki, hiki kina maisha ya kisu. Uchambuzi ambao leo kiwanda hufanya kwa mashine, yeye aliufanya kwa macho na masikio.

Wakati Schmidt anataka kuona kazi hiyo kwa macho yake, mwaka 1976, ikabidi watafutwe wazee. Uyeyushaji ulikuwa umekufa kama nusu karne hivi. Wale wazee walikuwa wameuona au kuufanya wakiwa vijana, na sasa walitakiwa kuukumbuka kwa mikono iliyokwisha kushika majembe ya dukani maisha yote. Majaribio ya mwanzo yalishindikana. Wakabishana, wakabadilisha, wakajaribu tena, mpaka chuma kikatoka. Mpaka hapo ujuzi wa karne na karne ulikuwa umebaki kwenye vichwa vya wazee wachache wa kijijini, na kama wangekuwa wameshazikwa, hakuna mwingine ambaye angeweza kuulizwa. Makala ya 1978 ina waandishi wawili. Hakuna mzee hata mmoja kati yao.

Kutotajwa huko hakukuanza na wasomi. Kwa Wamaasai, waliofua sime na mikuki walikuwa kundi lao maalumu, Ilkunono. Morani hakuweza kuwa morani bila kazi ya mikono yao. Hata hivyo hakuruhusiwa kuoa binti yao, na silaha mpya iliyotoka kwa mhunzi aliishika baada ya kujipaka mafuta mikononi, ili unajisi usimpate. Fikiria biashara ya namna hiyo: bidhaa yako inaheshimiwa nchi nzima, wewe mwenyewe hushikwi mkono.

Kilichozima matanuri ya Kagera na kwingineko ni bei. Kuyeyusha chuma kulitaka lundo la mkaa na siku nyingi za kazi ya watu wengi. Meli na reli vikaleta chuma kilichokwisha kuiva. Huko kilikotoka nako kulikuwa na wasiotajwa. Sheffield, Uingereza, jina linalokumbukwa ni Benjamin Huntsman, mtengeneza saa ambaye miaka ya 1740, akitafuta springi bora za saa, alifanikiwa kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo mpaka kikawa sare. Lakini vyungu hivyo vilikandwa kwa nyayo na watu waliokanyaga udongo pekupeku kwa masaa, na vilitolewa motoni na wanaume waliojifunga magunia yenye maji miguuni ili wasiungue. Hao historia inawaita "wafanyakazi".

Mji wa Birmingham nao ukatuma mapanga kwenye makoloni. Kampuni ya Ralph Martindale ilikuwa na chapa ya mamba, na mnunuzi asiyejua kusoma aliitambua kwa picha. Panga la namna hiyo halikuwa na makuu: kaboni ya wastani, limezimwa na kulainishwa makusudi, ili mtu aliye katikati ya shamba, mwenye tupa tu mfukoni, aweze kulirudishia makali. Wabishi wa mtandaoni wangelicheka hilo. Waliolitengeneza walimjua mteja wao vizuri.

Mteja mmoja alikuwa kwenye mkonge. Zao hilo lililetwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ndiyo iliyokuwa ikiongoza kwa mkonge duniani. Wakataji waliletwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali na hata nchi jirani. Kila mmoja alipewa namba, na ndipo lilipotokea jina lao, manamba. Kazi ilikuwa kukata jani, kuondoa mwiba wa ncha, kufunga mzigo wa majani 30, kuanza mwingine. Jani la mkonge limejaa nyuzi zinazosugua makali kama msasa, na utomvu wake unawasha ngozi na kula chuma. Kisu kigumu kupita kiasi kingemeguka kikigonga shina. Kilaini mno kingekuwa butu kabla ya saa nne asubuhi, na kazi isiyomalizika haikuhesabiwa. Kwa mtu anayeitwa kwa namba, nyuzi chache za joto zilizokosewa kiwandani zilikuwa posho ya siku nzima.

Halafu yakaja malori, na malori yakifa yanaacha springi.

Springi bapa ya gari ndiyo zawadi kubwa kuliko zote ambayo fundi wa mtaani aliwahi kupewa, na si kwa bahati. Nyingi zimetengenezwa kwa chuma cha aina ya 5160, au SUP9 kwa malori ya Kijapani: kaboni kama asilimia 0.6, manganizi na kromiamu kidogo, chini ya asilimia 1 kila moja. Huo mchanganyiko umebuniwa ili upinde mara milioni barabara mbovu bila kukatika. Ukiuzima kwenye mafuta kutoka nyuzi 830 hivi, kisha ukaurudisha kwenye 200, unapata ugumu wa 57 au 58 na bado unaweza kuupiga kwenye mfupa. Linganisha na 1095, chuma cha kaboni tupu, karibu asilimia 0.95. Chenyewe kinashika makali vizuri zaidi, lakini kina haraka. Ukikitoa motoni una sekunde moja hivi kukipooza, la sivyo ugumu haupatikani. Mafuta ya polepole hayakitoshi, na maji yanaweza kukipasua kwa mlio mmoja wa "tik" unaomuuma fundi moyoni. 5160 ni chuma kivumilivu, kinamsubiri fundi.

Hapa ndipo uongo mwingi wa sokoni ulipo. "Hili panga la springi, halivunjiki," muuzaji anaapa. Lakini springi iliyoingia kwenye moto ikawa nyekundu imeshasahau kila kitu kilichofanywa kiwandani. Uimara wake wa zamani umefutwa. Sasa inategemea huyu fundi mpya, maji yake au oili yake chafu, na kama alikumbuka kuirudisha motoni au alikuwa na haraka ya kufunga. Aliyeichonga kwa grenda bila kuipasha anabaki na ugumu wa springi, arobaini na kitu: laini kwa kisu, safi kabisa kwa panga. Ila grenda nayo ina mtego. Kwenye kisu kilichokwisha kuzimwa kiwe kigumu, makali yakigeuka bluu cheche zikiwa zinaruka, sehemu ile imefika karibu nyuzi 300 na imelegea, hata iking'aa vipi dukani. Na springi iliyobeba mizigo miaka ishirini inaweza kuwa na nyufa ndogo zisizoonekana. Mafundi wenye uzoefu huigonga na kusikiliza. Ikilia kama kengele inaingia kazini, ikilia kama debe inarudi kwa muuza skrepa. Asiyejua hilo anaweza kuuza kisu kitakachopasuka siku moja mkononi mwa muuza nyama, na kipande kitarukia kinakotaka.

Na zile namba za bei kubwa? Si uongo, ila kila moja ina mahali pake. D2 ina kaboni asilimia 1.5 na kromiamu 12. Ndani yake kuna chembe ngumu kubwa za kabidi zinazostahimili msuguano, kwa hiyo kwenye kamba na maboksi itaiaibisha springi mchana kutwa. Kwenye mfupa, chembe hizohizo ndizo mahali ufa unapoanzia, na makali yanaingia mapengo. A2, yenye kaboni 1 na kromiamu 5, inakaa katikati na kuzimwa kwa hewa tu. 3V ni ya kizazi kingine. Kampuni ya Kimarekani ya Crucible, kuanzia miaka ya 1970, ilikuwa ikipuliza chuma kilichoyeyuka kwa gesi kikawa unga, kisha unga ukakandamizwa kwa joto na shinikizo kuwa bonge. Chembe za kabidi zinabaki ndogo na zimesambaa sawasawa, hivyo chuma kinashika makali na bado hakimeguki kirahisi. Kwa kisu cha kazi nzito, 3V iliyozimwa vizuri inaishinda springi. Hilo likubaliwe bila kinyongo.

Lakini soma tena: iliyozimwa vizuri. 3V na D2 zinataka nyuzi 1,000 na zaidi, ndani ya tanuri la umeme lenye kipimajoto, kwa dakika zilizohesabiwa. Mpelekee fundi wa mkaa kipande cha D2. Atakisimamisha kwenye wekundu wa cheri kama alivyofunzwa, kabidi hazitayeyuka vya kutosha, na kitatoka kisu cha bei mbaya kinachozidiwa na springi ya Isuzu. Sheffield yenyewe iliwahi kupitia aibu hiyo. Harry Brearley alipopata chuma kisichoshika kutu mwaka 1913, kilidai joto kubwa kuliko walilozoea wafua visu wa mji wake. Wakamtania kwamba amevumbua visu visivyokata.

Ndiyo maana mhuri wa "D2" kwenye kisu cha bei ya chee hauna maana kubwa. Mhuri unagongwa kwa sekunde moja, ugumu haugongwi. Chukua tupa mpya, iburuze taratibu karibu na makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, kisu kigumu, na kama ni cha kupigia mifupa basi pengine ni kigumu mno. Iking'ata kidogo kwa shida, uko pazuri. Ikila kama inakula bomba la maji, umeuziwa bati zito.

Na ukiwa mbele ya fundi mwenyewe, Gerezani au Kamukunji, achana na maswali ya namba. Muulize alikizima kwenye nini, na alipokirudisha motoni alisimama kwenye rangi gani. Anayejua atakujibu kabla hujamaliza swali.